Kuacha Ajira ya Kudumu na Kwenda Kujitolea Nje ya Nchi: Tathmini ya Huduma ya UNV kwa Mtu wa Mtwara Aliyevuka Miaka Thelathini

Tathmini hii inahusu huduma ambayo watu wengi wa Mtwara na Lindi wanaisikia kwa mbali lakini wachache wameitumia, nayo ni programu ya wafanyakazi wa kujitolea ya Umoja wa Mataifa, inayofahamika kwa kifupi chake cha UNV. Ninaiandika nikiwa mtumiaji. Nilikuwa mhandisi wa maji mwenye ajira ya kudumu, mke na mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, nilipoandika barua ya kuacha kazi na kwenda kujitolea Pemba. Si kisiwa cha Pemba, bali mji wa Pemba ulioko jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Tangu nirudi, kuanzia mtaani Shangani, hapa Mtwara mjini, hadi Newala, naulizwa kama jambo hili linafaa. Jibu langu ni kwamba huduma yenyewe ni nzuri, tena nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa mtu ambaye ameshaiva katika fani yake. Lakini huduma hiyo inamtazama yule anayeondoka peke yake, wakati sehemu kubwa ya gharama ya uamuzi huu inalipwa na mume, watoto, mama na wajomba wanaobaki nyumbani. Mambo hayo mawili yapimwe kwa pamoja.

Mikoa yetu ya Kusini imezoea kupokea watu wa aina hii. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na hospitali ya Ndanda inatibu watu mpaka leo. Mwingereza Trevor Huddleston alikuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Walimu wa hisabati na sayansi wanaoletwa na Peace Corps, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, wamefundisha katika shule nyingi za sekondari za vijijini nchini. Kwa hiyo tukimwona mgeni aliyeacha kazi yake kwao akaja kwetu, hatushangai. Tunachoshangaa ni mtu wa kwetu kuondoka kwa mtindo huohuo. Anayejitolea hapa kwetu, kwa kawaida, ni kijana aliyemaliza chuo, ambaye anashika chaki au anapima wagonjwa presha kwenye zahanati bila mshahara huku akisubiri ajira zitangazwe. Mtu mwenye cheki namba, yaani namba ya mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara, kuiacha kwa hiari yake ili akajitolee huonekana amechanganyikiwa, au amefukuzwa na anaficha. Nimeyasikia yote mawili yakisemwa juu yangu, na nadhani kila atakayefuata njia hii ajiandae kuyasikia.

Sasa niieleze huduma yenyewe. UNV ilianzishwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1970, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani, tangu mwaka 1996. Haifanyi kazi zake peke yake, bali inawapeleka watu kwenye mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yanayoomba wataalamu, kwa hiyo mkataba wako unakuwa na UNV lakini bosi wako wa kila siku anatoka katika shirika lililokupokea. Tofauti hiyo inaonekana ndogo unapoisoma kwenye karatasi. Nitaeleza baadaye kwa nini si ndogo. Wenye miaka 18 hadi 26 wana kundi lao la vijana. Kuanzia miaka 27 unaweza kuomba nafasi ya mtaalamu, ambayo inahitaji uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3, na kuanzia miaka 35 lipo kundi la wataalamu wabobezi, ambalo linadai uzoefu wa miaka 15. Mtu wa miaka thelathini na zaidi mwenye kazi anaangukia katika kundi la kati, na kwa maoni yangu ndilo kundi ambalo programu hii inalihitaji zaidi. Nafasi ya kimataifa inaweza kudumu hadi miaka minne, ingawa mikataba mingi huanza kwa muda mfupi na kuongezwa kadiri kazi na bajeti zinavyoruhusu.

Kuomba ni rahisi, na sehemu hii naisifu bila kusita. Unajisajili kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unajaza wasifu wako, unasoma maelezo ya kila nafasi, na unaomba ile inayokufaa. Hakuna ada hata senti moja katika hatua yoyote. Nasisitiza hilo kwa sababu hapa mjini alikuwepo mtu akiwatoza vijana fedha za kile alichokiita kuunganishiwa nafasi za kujitolea Ulaya, na wapo waliouza mpaka pikipiki. Anayekuomba fedha kwa ajili ya nafasi ya Umoja wa Mataifa ni tapeli, hata kama ana barua yenye nembo ya buluu. Utakazolipia ni gharama zako za kawaida, kama pasipoti ya kielektroniki, ambayo ni shilingi 150,000. Kabla ya kuondoka kuna uchunguzi wa afya, chanjo, na mafunzo ya usalama ya mtandaoni yanayoitwa BSAFE, ambayo ni ya lazima kwa kila mtu anayefanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa. Intaneti ya Mtwara mjini iliyatosha. Anayeishi kijijini afanye mpango wa kuja mjini.

Usaili niliuona wa haki. Waliniuliza juu ya kazi niliyoifanya, si juu ya nani ananifahamu. Waliuliza ningefanya nini iwapo kipimo cha klorini kwenye bomba ni kizuri lakini watu wanaendelea kuharisha, nami nilijibu kwa mifano ya vijiji nilivyovifahamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yangu ya kuzunguka na pikipiki ya idara kwenye uwanda wa Makonde ilikuwa mtaji, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nikiiona kama miaka ya kusubiri kupandishwa cheo.

Kuhusu fedha, niseme wazi, kwa kuwa watu wengi wanaogopa kuuliza. Kinachotolewa si mshahara. Ni posho ya kujikimu ya kila mwezi, inayokadiriwa kulingana na gharama za maisha za mahali unapokwenda, na juu yake kuna fedha ya kuanzia maisha, nauli ya kwenda na kurudi, bima ya afya, bima ya maisha na ya ulemavu, likizo ya mwaka, na kiinua mgongo kidogo unapomaliza. Mwenye wategemezi wanaotambuliwa katika mkataba wa kimataifa huongezewa posho ya familia. Ukiigeuza posho hiyo kuwa shilingi, inaweza kuonekana inauzidi mshahara wa mhandisi wa wilaya, na kwangu ilikuwa hivyo. Lakini usiigeuze halafu ukaishia hapo. Nyumba ya kupanga inapaswa kukidhi masharti ya usalama ya Umoja wa Mataifa, yaani uzio, mlinzi, taa na milango imara, na katika mji unaopokea wakimbizi wa ndani na mashirika mengi kwa wakati mmoja, nyumba za namna hiyo ni chache na bei yake haishikiki. Nilituma fedha nyumbani kila mwezi. Sikujenga.

Ambacho hakimo kabisa ni pensheni, na hapa ningeomba msomaji asome taratibu. Michango ya mwajiri na ya mwajiriwa katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inasimama siku unapotoka kwenye orodha ya mishahara, na ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi anapaswa kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mtu anayeondoka akiwa na miaka tisa au kumi ya michango anaikata kamba katikati. Vilevile mkopo wa elimu ya juu: wakati uko kazini, bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi na wewe hushughuliki, ukiacha kazi makato yanasimama, lakini deni halisimami, na utawajibika kupeleka malipo mwenyewe. Kwa wahandisi kuna ada ya mwaka ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ni rahisi kuisahau ukiwa nje, na kurudi ukiwa umepoteza sifa ya usajili ni kujifungia mlango uliokuwa wazi. Mambo haya matatu hayamo katika maelezo ya nafasi yoyote ya UNV, na si kazi yao kuyaweka. Lakini ningependa pawepo mtu mmoja, katika ofisi yao ya nchi, anayemwambia Mtanzania anayeacha ajira yake kwamba ayaulize kabla hajasaini. Na kabla ya barua ya kuacha kazi, andika kwanza barua ya kuomba likizo bila malipo. Wapo wanaoipata. Mimi muda wa kuripoti ulikuwa umekaribia, majibu yalichelewa, nikaamua kuacha.

Nije kwenye familia, maana ndiko uamuzi huu ulikofanyiwa. Sisi Wamakonde huwezi kufanya jambo kubwa mjomba wako asiwe na habari. Mjomba wangu alishuka kutoka Newala, akakaa barazani kwetu, akakataa chai mpaka mazungumzo yaishe.

"Mpwa wangu, wanaotafuta kazi wamejaa barabarani, wewe unaitupa. Umekosana na mkubwa wako?"

"Hapana, mjomba. Kazi yangu naipenda. Nataka kwenda kuifanya kwa watu waliokosa maji kabisa."

"Kwani sisi Newala tuna maji?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa, pamoja na yale ya usaili. Kila anayeifahamu Newala na Tandahimba anajua kwamba uwanda ule uko juu na maji yako chini sana. Kwamba mradi wa Makonde unasukuma maji kutoka bonde la Mitema kupandisha mlimani tangu enzi za mkoloni. Na kwamba wakati wa kiangazi kuna kaya zinazonunua ndoo ya maji kutoka kwenye kisima cha mvua cha jirani. Nilimjibu mjomba kwamba Newala ina mradi, ina bajeti na ina wahandisi, hata kama mambo yanakwenda polepole, lakini watu wa ng'ambo ya mto Ruvuma walikuwa wameyakimbia makazi yao wakiwa na nguo za mwilini tu. Mashambulizi ya waasi wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, mwezi Oktoba mwaka 2017, na Palma ikashambuliwa mwezi Machi mwaka 2021. Baadhi ya waliokimbia wana ndugu huku kwetu, Kitaya na Tandahimba. Nilimkumbusha pia kwamba wakati wa vita vya ukombozi, kuanzia mwaka 1964, Wamsumbiji walipewa makazi Rutamba, na wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, na wazee wetu hawakusema kwanza wamalize shida zao wenyewe. Mjomba alinisikiliza, akanywa chai, akaniruhusu. Lakini aliweka sharti kwamba vibarua wa kupalilia na kupulizia mikorosho ya mama walipwe kabla sijaondoka, kwa kuwa mshahara wangu ndio uliokuwa ukiwalipa kila mwaka, na mikorosho haisubiri mtu arudi. Alikuwa na haki. Bado naamini swali lake lina uzito, na sitamlaumu mhandisi yeyote wa Kusini atakayelijibu kwa kubaki.

Mume wangu ni mwalimu. Alikubali mapema kuliko nilivyotegemea, kisha akabeba mzigo mzito kuliko tulivyotegemea sote wawili: kuwaamsha watoto, kusimamia kazi za shule, kuwajibu majirani waliouliza kila wiki kama ndoa ipo. Baadhi ya vituo vya Umoja wa Mataifa haviruhusu familia kwa sababu za usalama, na hata pale panaporuhusiwa, kuhamisha watoto wa shule ya msingi kwenda kusoma kwa Kireno si jambo la mwaka mmoja. Mwanamke anayeondoka ataulizwa nani atalea, mwanamume haulizwi. Sikulipenda swali hilo, lakini lilikuwa na jibu la kweli ndani yake: aliyelea alikuwa baba yao pamoja na mama yangu, na hakuna posho iliyowahusu zaidi ya kile nilichotuma.

Kazi yenyewe ilinistahili. Mtwara na Pemba ziko umbali wa kama kilomita 300 tu kwa mstari ulionyooka, lakini kwa sababu njia ya nchi kavu haikuwa salama, nilipanda ndege kwenda Dar es Salaam, kisha Maputo, kusini kabisa ya Msumbiji, halafu nikarudishwa kaskazini. Kituo changu kilihudumia makazi ya waliohamishwa katika wilaya ya Metuge. Ofisini lugha ilikuwa Kireno, ambacho nilikuwa nimejifunza jioni kwa kutumia simu na ambacho kiliendelea kunisumbua mpaka mwisho. Bombani lugha ilikuwa Kimakonde na Kimakua, na mjini, kwenye mtaa wa wavuvi wa Paquitequete, niliwasikia watu wakizungumza Kimwani, ambacho mtu wa pwani yetu anakifuata bila tabu kubwa. Hakuna kozi ya maandalizi ambayo ingeweza kunipa hilo. Nadhani UNV ingefanya vizuri zaidi kama ingewatafuta kwa makusudi wataalamu wa upande huu wa Ruvuma kwa ajili ya upande ule.

Nitoe mfano mmoja wa kazi, ili msomaji aone ni kitu gani hasa anachokwenda kutoa. Katika misaada ya dharura kuna viwango vinavyofahamika: lita zisizopungua 15 kwa mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani, foleni isiyozidi nusu saa. Klorini inayobaki kwenye maji inapaswa kuwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kuipima ni rahisi: unachukua maji kidogo kwenye kichupa, unatumbukiza kidonge kinachoitwa DPD, maji yanageuka waridi, na unalinganisha rangi na jedwali la pembeni. Kwenye vilula, yaani mabomba ya umma ya kuchotea maji, vya eneo moja rangi ilikuwa nzuri kila asubuhi, lakini wagonjwa wa kuharisha hawakupungua, na pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kuongeza kipimo cha klorini kwenye tangi. Wakati huohuo baadhi ya akina mama walikuwa wameshaanza kuyakwepa maji yale kwa sababu ya harufu, wakarudi kwenye visima vya kuchimba kwa mkono.

Niliomba ruhusa ya kupima majumbani. Nyumba ya kwanza niliyoingia, mama mmoja alinionyesha mahali anapohifadhi maji, nikaona kitu ninachokijua tangu utoto wangu: dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, lililokatwa sehemu ya juu kwa kisu cha moto ili iwe rahisi kuchotea kwa kikombe. Mdomo uko wazi, mkono unaingia na kikombe, mtoto anachota, vumbi linaingia, na klorini yote inamalizwa na uchafu huo kabla ya jua kuzama. Kidonge hakikubadili rangi hata kidogo. Nyumba ya pili hali ilikuwa hiyohiyo. Kwa hiyo tatizo halikuwa tangini, na kuongeza dawa kungewafukuza watu zaidi. Tulichokiomba ni madumu yenye mdomo mwembamba na vifuniko, pamoja na siku ya kusuuza vyombo pale pale kwenye kilula, na nilizungumza na akina mama wale kwa Kimakonde juu ya harufu ile, inatoka wapi na inafanya kazi gani. Baada ya muda kidonge kilianza kugeuka waridi hata kwenye maji yaliyolala usiku mzima. Kijana aliyetoka chuoni jana angeweza kusoma jedwali la rangi kama mimi, pengine kwa macho mazuri zaidi. Lakini kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kuomba kuona dumu lake, kisha kujua kwa nini limekatwa, hilo linataka miaka. Ndiyo maana nasema umri wa thelathini na kuendelea ni umri wake hasa.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kwamba ofisi iliyonipokea, ambayo sitaitaja, haikuwa imejiandaa. Miezi ya mwanzo niliwekwa mezani kujaza majedwali ya ripoti, kwa kuwa magari ya kwenda Metuge yalipangwa kwanza kwa wafanyakazi wenye mikataba ya kawaida, na wa kujitolea alipata nafasi ikibaki. Hapa ndipo ile tofauti ya bosi wawili inapouma: aliyekuahidi kazi ya uwandani si yule anayegawa magari. Nilimwandikia msimamizi wa upande wa UNV, akalishughulikia kwa utulivu na kwa haraka, na kuanzia hapo mambo yalinyooka. La pili ni barua ya kuongezewa mkataba, ambayo ofisi hiyohiyo iliichelewesha mpaka karibu na mwisho. Mtu asiye na familia anaweza kuvumilia kutojua kama mwezi ujao ana kazi, lakini mwenye ada za shule za kulipa hawezi. La tatu ni usalama, na hili si kosa la mtu: zipo wiki ambazo safari zote zilifutwa, kuna saa za kutotoka nje, na utajifunza kuishi na redio ya mawasiliano kando ya kitanda. Watu wa Mtwara tunakikumbuka kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, jinsi tulivyoambiwa tujiandae kisha kikaangukia Cabo Delgado. Wale niliowahudumia walikuwa wamepitia kimbunga na vita ndani ya miaka michache, na uchovu wao unakuingia na wewe. Bima inagharimia ushauri nasaha. Utumieni, msione haya.

Kurudi ndiko kulikonipa shida niliyokuwa sijaihesabu vya kutosha. Kiinua mgongo kilitusaidia kusimama kwa muda. Lakini aliyeacha utumishi wa umma anaanza upya kwenye mfumo wa maombi ya ajira kama mwombaji mwingine yeyote, na matangazo mengi yanaweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi. Aliyeondoka akiwa na miaka 34 na kurudi na 37 ana nafasi ya kupumua; aliyeondoka na 42 aifikirie hesabu hiyo kwa makini. Taasisi moja niliyoiomba kazi iliniuliza kwenye usaili kuhusu "pengo" katika wasifu wangu, kana kwamba nilikuwa nimelala, na ilibidi nieleze kwamba katika pengo hilo nimesimamia maji ya watu wengi kuliko kata nyingi za wilaya yangu ya zamani. Baadaye nilipata kazi ya mkataba katika mradi wa uvunaji wa maji ya mvua, na nilichokiona Metuge ninakitumia kila siku.

Kwa kipimo cha nyota tano, naipa huduma nyota nne kwa namna inavyomhudumia mtaalamu, na mbili kwa namna inavyoifikiria familia yake. Siipendekezi kwa anayekimbia bosi, deni au ndoa, kwa sababu vyote vitatu vitamsubiri. Wala kwa asiye na kitu cha kufundisha wengine katika fani yake. Kwa hao ambao bado hawajawa tayari kuacha kazi, UNV ina nafasi za kujitolea mtandaoni ambazo mtu anaweza kuzifanya jioni akiwa Mtwara, pamoja na nafasi za kitaifa ndani ya Tanzania. Na walio chini ya miaka 36 waangalie pia kikosi cha vijana wa kujitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya wenye miaka 18 hadi 35, ambacho kwa kawaida kinampeleka mtu kwa miezi 12. VSO, shirika la kujitolea la Uingereza lililoanza mwaka 1958, nayo siku hizi inachukua wataalamu kutoka nchi zetu. Peace Corps na wale wa Japani wanaoletwa na JICA, shirika la ushirikiano la nchi hiyo, wanachukua raia wao tu, msipoteze muda huko.

Ukifika kwenye usaili, uliza maswali matatu uyaandike na majibu yake: nani atakuwa msimamizi wako wa kila siku, siku ngapi kwa wiki utakuwa uwandani na kwa gari la nani, na taarifa ya kuongezewa mkataba hutolewa muda gani kabla ya mwisho. Majibu hayo mwonyeshe mwenzi wako kabla ya kusaini chochote. Mimi nimeomba nafasi nyingine, fupi zaidi, ya kipindi cha likizo ya shule na miezi michache ya pembeni yake, na mume wangu ndiye aliyeyasoma maelezo ya nafasi hiyo kwanza na kuweka alama kwenye vipengele vitatu anavyotaka nivipatie majibu.